Mtoto Alibaki Darasani, Jina Lake Likaenda Namanyere

Mwaka 2012 nilimchezesha kijana wa miaka 16 kwenye UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, kwa jina la mtoto wa miaka 12. Umri wa wote wawili niliujua. Fomu niliijaza kwa mkono wangu, picha nikaibandika mwenyewe, na kila aliyeniuliza nilimjibu kwamba huyu ni mwanafunzi wetu wa darasa la sita. Hakuna aliyenituma wala aliyenilazimisha. Nilitaka kombe.

Sikuwahi kulisema jambo hili hadharani, na huku nyuma nimekuwa mmoja wa watu wanaosikika sana hapa Chala, mkoani Rukwa, kila Taifa Stars inapofungwa. Nimewalaumu makocha wa kigeni na makocha wazawa. Nimewalaumu viongozi wa TFF, nimewaita wachezaji wavivu, nimesema Simba na Yanga zimejaza wageni mpaka vijana wetu wanakosa namba. Mbele ya watu hao hao sijawahi kusimama nikaeleza mimi nilifanya nini nilipokabidhiwa watoto na mpira. Leo naeleza.

Rekodi yetu kila mpenzi wa soka anaijua. Mwaka 1979 Peter Tino alisawazisha kule Ndola, tukaitoa Zambia na kwenda fainali za Afrika za 1980 kule Lagos. Tulifungwa 3-1 na Nigeria, 2-1 na Misri, tukatoka 1-1 na Ivory Coast. Tukakaa miaka 39 kabla ya kurudi. Mwaka 2019 kule Misri tulipoteza mechi zote tatu. Januari 2024 kule Ivory Coast tulipata sare mbili na kushika mkia kwenye kundi. Fainali za mwisho, zile za Morocco zilizoanza Desemba 2025, tulivuka makundi kwa mara ya kwanza, kwa pointi 2 za sare na Uganda na Tunisia, kisha wenyeji wakatutoa kwa bao 1-0. Hatua hiyo ni kubwa, na nilifurahi kama Mtanzania mwingine yeyote. Lakini ukweli unabaki kwamba tumecheza mechi 13 za AFCON na hatujashinda hata moja. Tangu enzi za Rais Mwinyi tunasema timu hii ni kichwa cha mwendawazimu, na kila mtu anajifunzia kunyoa. Mimi pia nilikuwa na wembe mkononi.

Ukizitazama mechi hizo vizuri, utaona kuna namna moja ya kupoteza inayojirudia. Mwaka 2019, Juni, tulikutana na Kenya mjini Cairo. Simon Msuva alifunga dakika ya 6. Michael Olunga akasawazisha dakika ya 39, na dakika moja tu baadaye Mbwana Samatta akaturudisha mbele. Tulikwenda mapumziko tukiongoza 2-1. Tulimaliza tumefungwa 3-2. Mwaka 2024 dhidi ya Zambia, Msuva tena alifunga mapema, dakika ya 11. Kabla ya mapumziko Zambia wakapewa kadi nyekundu, wakabaki kumi. Kipindi cha pili chote tulikuwa na mtu wa ziada na bao mkononi. Dakika ya 88 Clatous Chama, ambaye ligi yetu inamjua vizuri, akapiga kona, na Patson Daka akaitia wavuni kwa kichwa.

Timu inayoongoza na yenye mtu wa ziada inatakiwa iumiliki mpira, iuzungushe, imchoshe mpinzani mpaka filimbi ya mwisho. Wachezaji wetu wakibanwa huupiga mbele, na mpira unarudi. Wanaupiga tena, unarudi tena. Ukishaurudisha kwa adui mara nyingi hivyo, kona ya dakika ya 88 haina budi kuja. Huo ndio mpira tunaouita butua, na mtoto anauzoea utotoni, kwa mwalimu wake. Hapa Chala mwalimu huyo nilikuwa mimi.

Naomba nieleze habari za yule mtoto wa miaka 12, kwa sababu nilimwona akicheza na ninakumbuka kila kitu.

Uwanja wetu umeinamia upande mmoja, kama viwanja vingi vya huku Ufipa ambako tambarare ni adimu. Magoli ni ya miti ya mikaratusi. Ukicheza kupanda, mpira unakurudia miguuni. Ukicheza kushuka, unakukimbia mpaka kwenye shamba la mahindi. Watoto wengi walipenda kushuka: unapiga, unakimbiza. Yule alipenda kupanda. Alikuwa mfupi, mguu wake hauna nguvu za kupiga mbali, kwa hiyo alijifundisha mwenyewe kuupokea mpira kwa ubavu wa ndani wa mguu na kuulaza. Halafu alikuwa na tabia moja ambayo sikumwona nayo mtoto mwingine shuleni. Mpira ukiwa bado unakuja, alishageuza shingo, kulia, kushoto, nyuma. Ulipomfikia alikuwa tayari anajua nani yuko wapi. Mara nyingi aliupitisha katikati ya miguu yake bila kuugusa, akageuka, beki akabaki anatazama vumbi. Jambo hilo hakuna mtu aliyemfundisha. Alikuwa amelitoa kwenye chandimu, kwenye mpira wa matambara uliofungwa kamba.

Binamu yake alimaliza darasa la saba mwaka 2009 na hakuendelea na sekondari. Alikuwa anasaidia kulima na kuchunga ng'ombe, jioni anachezea timu ya kijiji. Mwenye mwili, mwenye mbio, mwenye shuti. Siku moja nikiwa napanga kikosi cha kata nikajiuliza nimpate wapi mshambuliaji, macho yangu yakamwangukia yeye. Walimu wa kata nyingine, nikajiambia, wanachezesha vijeba, wakubwa waliopitisha umri, pia. Nisipofanya, nitafungwa. Sababu hiyo niliitumia kujipa usingizi kwa miaka mingi, na sasa naiona kuwa haina uzito wowote, kwa sababu hata kama wote walikuwa wanafanya, watoto wa shule yangu walikuwa mikononi mwangu, si mikononi mwa wote.

Nilihitaji jina lililo kwenye rejesta. Nikachukua la mdogo wake. Ukoo mmoja, sura zinakaribiana, na kamati ya uhakiki ikiuliza jina la baba na la babu, majibu yasingegongana. Nilimketisha yule mkubwa ofisini nikamfundisha: ulizaliwa mwaka 2000, mwalimu wako wa darasa ni fulani, unakaa dawati na fulani. Akayarudia mpaka yakanyooka. Alikuwa kijana mtii. Alipotoka alinishukuru kwa kumpa nafasi.

Yule mdogo nilimwita kando. Nikamwambia safari hii apumzike, mwaka ujao zamu yake. Akaitikia, "Sawa Mwalimu." Asingeweza kucheza hata angetaka, maana jina lake lilikuwa limeshapata mtu wa kulivaa. Kikosi kilipopanda Fuso kwenda Namanyere kwenye mashindano ya wilaya alfajiri, na baridi ya mwezi wa sita ya huku inayopenya sweta, yeye alibaki. Wenzake waliokuwa wanashangilia kutoka nyuma ya gari walikuwa wanaimba jina lake.

Tulishinda. Mbinu yangu ilikuwa moja: mpira wowote ukipatikana, mpe yule mkubwa. Golikipa apige mbele, beki apige mbele, kiungo asikae nao. "Butua! Butua!" nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mabeki wa miaka 12 na 13 walikuwa wanamgonga na kuanguka. Alifunga mabao kila mechi. Tukabeba kombe la wilaya, nikapongezwa, nikapigwa picha. Watoto wengine kumi waliokuwa uwanjani naye walicheza mashindano yote bila kujifunza lolote zaidi ya kumtafuta mtu mmoja kwa mpira mrefu. Hilo nalo ni kosa langu, na nadhani ndilo lililosambaa zaidi, kwa sababu kijeba alikuwa mmoja lakini walioharibiwa walikuwa timu nzima.

Kilichofuata sikukitarajia. Kijana alichaguliwa timu ya mkoa, ikaonekana atakwenda kambini Sumbawanga. Huko nyaraka zingedaiwa zaidi. Niliogopa. Nikamwambia aseme anaumwa malaria. Akasema anaumwa malaria. Baadaye mtu mmoja aliyemwona Namanyere alimuulizia, akitaka kumsaidia apate timu mjini. Alimuulizia kwa jina lile la kwenye fomu. Watu wakamwelekeza shuleni, akaonyeshwa mtoto mfupi wa darasa la sita. Akaondoka. Mchezaji aliyemtafuta hakuwapo kwenye karatasi yoyote. Leo yule mkubwa ni mvuvi wa dagaa Kirando, ziwani, na mpira aliuacha.

Yule mdogo "mwaka ujao" wake haukuja. Alikuwa darasa la saba, mitihani, na mimi kikosi changu nilishakijenga kwa mtindo mwingine. Hakulalamika. Aliacha kuja mazoezini kidogo kidogo, na mimi sikumuuliza kwa nini.

Nilikutana na jambo hili tena usiku wa Januari 21, 2024, kwenye kibanda umiza hapa hapa Chala, tukitazama mechi ya Zambia niliyoieleza. Mvua ilikuwa inapiga bati, sauti ya mtangazaji inasikika nusunusu. Daka aliposawazisha, kila mtu alisimama na lawama yake. Beki kalala. Kocha kachelewa kubadilisha. Mimi nikasema kwa sauti kubwa kwamba vijana hawa hawakufundishwa kukaa na mpira wakiwa wadogo, na kwamba nchi hii haijali watoto. Nyuma yangu alikuwa amekaa dereva wa bodaboda, bado amevaa koti la mvua. Akaniinamia sikioni.

"Shikamoo Mwalimu. Mimi sijawahi kuichezea shule hata mechi moja. Jina langu ndilo lililocheza."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekumbusha deni dogo. Nilijifanya natazama marudio ya bao.

Siku nne kabla ya hapo tulikuwa tumefungwa na Morocco 3-0. Bao la pili alilifunga Azzedine Ounahi, kiungo mwembamba asiye na mwili wa kumtisha mtu. Baadaye nilitafuta habari zake. Alizaliwa Aprili 2000. Ina maana mwaka 2012, nilipokuwa nabandika picha kwenye fomu, naye alikuwa na miaka 12, umri ule ule wa mtoto niliyemwacha nyuma Fuso likiondoka. Miaka michache kabla ya hapo, Morocco ilikuwa imefungua chuo cha soka cha Mohammed VI huko Salé. Ounahi alipitia humo. Youssef En-Nesyri, aliyetufunga bao la tatu usiku ule ule, naye alipitia humo. Nayef Aguerd vilevile. Mwaka 2022 timu yao ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia, timu ya kwanza ya Afrika kufika hapo. Sisemi Chala ingetoa Ounahi. Sijui yule mtoto angefika wapi, na kudai najua ni kumdanganya mara ya pili. Ninachosema ni kwamba wenzetu walikuwa na watu wa kumtazama mtoto mwembamba anayegeuza shingo kabla mpira haujafika, na kumwekea mwalimu, kitanda na chakula. Sisi mtoto wa aina hiyo alikutana na mimi.

Najua kuna sababu nyingine, na sizikatai. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Serikali iliyasimamisha mashindano ya UMITASHUMTA na yale ya sekondari, UMISSETA, kwa miaka kadhaa kabla ya kuyarudisha, na kizazi kizima kilipita shuleni bila mashindano. Ligi yetu inaruhusu wachezaji 12 wa kigeni kwa klabu. Timu za vijana hazina mechi za kutosha. Huku Ufipa tuko mbali. Mpira mkubwa tunauona ukija kama mgeni. Agosti 2020 fainali ya Kombe la Shirikisho ilichezwa Uwanja wa Nelson Mandela, Sumbawanga, Simba wakaifunga Namungo 2-1. Oktoba mwaka huo huo Tanzania Prisons, waliokuwa wakitumia uwanja huo, wakawafunga Simba 1-0 mbele ya watu wetu. Tulifurahi, tukarudi vijijini kwetu. Sababu hizi zote ni za kweli, ila hakuna hata moja iliyonishika mkono nikaandika 2000 kwenye fomu ya mtu aliyezaliwa 1996.

Na jambo la umri si la Chala peke yake. Mwaka 2005 Serengeti Boys walikuwa wamefuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 kule Gambia, wakaondolewa kwa sababu ya umri wa mchezaji. Kundi zima la vijana lilikosa mashindano. Mwaka 2017 tulikuwa upande wa pili: tulimlalamikia mchezaji wa Congo Brazzaville, hakuthibitisha umri wake, Congo wakaondolewa, sisi tukaenda Gabon. Vijana wetu walicheza vizuri kule, wakatoka sare na Mali na kuifunga Angola 2-1. Miaka miwili baadaye tulipokuwa wenyeji Dar es Salaam, tulifungwa mechi zote tatu. Siku hizi FIFA na CAF wanapima kifundo cha mkono kwa mashine, na hapa nchini kila mwanafunzi wa msingi ana namba yake ya utambulisho, ya PREM. Kudanganya kumekuwa kugumu zaidi, lakini hakuna mashine inayopima mtoto yupi aliachwa nyumbani.

Hapo ndipo ninapoona chanzo cha matokeo yetu, na nimelifikiria sana. Mashindano makubwa hayachezwi kwa nguvu, kwa sababu kule kila mtu ana nguvu. Kijana aliyewashinda wenzake kwa sababu amewazidi miaka minne, akifika miaka 20 ile tofauti imeisha, na hana kingine alichojifunza. Aliyelazimika kutumia akili kwa kuwa mwili ulikuwa haujaja, huyo ndiye angeweza kutuliza mpira dakika ya 80 tukiongoza. Huyo ndiye tunayemtoa kwenye kikosi akiwa na miaka 12, wilaya baada ya wilaya, kwa sababu mwalimu anataka kombe mwaka huu. Halafu kocha wa taifa anakabidhiwa waliobaki, tunamwambia ashinde.

Mwaka huu nilikwenda nyumbani kwa yule dereva wa bodaboda. Ana mke na mtoto mmoja. Nilimwomba radhi mbele ya bibi yake, aliyemlea. Bibi alinyamaza muda mrefu, kisha akasema kwa Kifipa maneno ambayo sitayaandika, kwa kuwa aliniambia mimi. Kijana mwenyewe alisema, "Yameshapita Mwalimu," na ninaamini alitaka kunipumzisha, si kwamba yamepita. Niliomba ruhusa ya kuandika habari hii bila jina lake. Alikubali. Kirando nako nimekwenda, kwa mkubwa. Yeye alicheka na kusema zile ndizo siku nzuri za maisha yake. Jibu hilo liliniumiza kuliko la mdogo.

Kombe la mwaka 2012 nimeliondoa kwenye kabati la ofisi, na kwa mkuu wangu nimeandika barua yenye maelezo haya haya. Adhabu ikija nitaipokea.

AFCON ya 2027 imepangwa kuchezwa kwetu, Kenya na Uganda. Taifa Stars itakuwemo kama mwenyeji, bila kulazimika kufuzu, na tutajaa mbele ya televisheni tena. Kabla ya hapo UMITASHUMTA itachezwa tena, na magari yatabeba watoto kwenda Namanyere. Mzazi mwenzangu wa Chala, wa Kate, wa Kirando, wa popote Rukwa: siku ya safari amka mapema, nenda shuleni, uombe kuona orodha. Soma jina la mwanao, kisha mtazame aliyesimama kwa jina hilo. Kama si yeye, usiliruhusu gari liondoke.